Uzi maalumu: Kupima hewa ukaa ya ndege zinazopita anga la Tanga, kwa redio, kwa mwanga na kwa setilaiti

#1 Mwambao wa Raskazone

Wakuu, habari za jioni.

Swali moja halikauki humu jukwaani: maadamu zipo setilaiti zinazopima hewa ukaa, kwa nini tusipakue data zake tukajua kila ndege inayopita juu ya Tanga inatoa kiasi gani? Setilaiti hizo haziioni ndege moja moja. Tupige hesabu hapa ili jambo hili lieleweke, kisha tuonyeshane njia inayofanya kazi.

Chukua ndege kubwa ya injini mbili ya masafa marefu, kama zile zinazotoka Ghuba kwenda kusini mwa Afrika. Ikiwa juu inachoma takriban tani 5 za mafuta kwa saa, na inakwenda kama km 900 kwa saa. Gawanya, unapata kilo 5.6 za mafuta kwa kila kilomita. Kilo 1 ya Jet A-1, yaani mafuta ya ndege za jeti, ikiungua hutoa kilo 3.16 za hewa ukaa. Uzito unazidi ule wa mafuta kwa sababu kaboni imeungana na oksijeni ya hewani. Ndege hiyo basi inaacha kama kilo 18 za hewa ukaa kila kilomita.

Sasa njoo kwenye setilaiti. OCO-2 ya Marekani, iliyorushwa 2014, inasoma vipande vya ardhi vya kama km 1.3 kwa km 2.25. Juu ya kila mita ya mraba, kutoka chini hadi mwisho wa anga, kuna hewa yenye uzito wa kama kilo 10,300, na ndani yake hewa ukaa ni kama kilo 6.5. Kipande kimoja kina mita za mraba milioni 2.9, kwa hiyo kabla ndege haijafika tayari kina kilo milioni 19 za hewa ukaa. Ndege ikikikata kwa urefu wake inaongeza kilo 40. Hiyo ni sehemu 2 tu katika kila milioni 1 ya kilichokuwepo. Ukiigeuza kuwa ppm, yaani sehemu kwa milioni ya hewa, ni 0.0009 juu ya 420. Usahihi wa OCO-2 kwa somo moja ni kati ya nusu ppm na ppm 1. Alama ya ndege imezama ndani ya makosa ya chombo, yanayoizidi mara 500 hadi 1,000. Tena chombo chenyewe kinapita mchana tu, kama saa 7 na nusu, na kinarudia njia ileile kila baada ya siku 16.

Kinachopimika kwa mbali ni mwendo wa ndege. Ndege nyingi sasa zinatangaza zenyewe kwa redio, kwa mfumo wa ADS-B katika masafa ya 1090 MHz: namba yake ya utambulisho, mahali ilipo, kimo, kasi juu ya ardhi na kasi ya kupanda au kushuka. Ukijua aina ya ndege na mwendo wake, unakokotoa mafuta. Ukishapata mafuta, kazi iliyobaki ni kuzidisha kwa 3.16.

Utaratibu wa kukokotoa uko hivi. Namba ya utambulisho unaitafuta kwenye orodha ya ndege ya OpenSky Network, mtandao wa watu wanaokusanya ishara za ADS-B, inakupa aina ya ndege. Kutoka aina unapata modeli yake ya hesabu katika OpenAP, ambayo ni programu huria ya Chuo Kikuu cha Delft, au BADA ya EUROCONTROL, shirika la Ulaya la kusimamia anga, ukipewa kibali. Modeli inachukua uzito, kasi, kimo na kasi ya kupanda. Inapata ukinzani wa hewa, kutoka hapo msukumo wa injini, na mwisho mafuta kwa sekunde. Punguza data hadi nukta 1 kila sekunde 10, inatosha. Jumlisha ndani ya mpaka uliochora wewe mwenyewe, tuseme nyuzi 1 ya latitudo na longitudo kuzunguka Tanga, na mpaka huo usiubadilishe katikati ya mradi, maana jumla za miezi hazitalinganishika tena.

Wanaojua antena na wanaojua mwanga waongezee.

#2 BintiPangani

Shukrani mkuu. Vipi kuhusu setilaiti ya Ulaya, Sentinel-5P? Ramani zake za NO2, yaani dioksidi ya naitrojeni, zinaonyesha miji na viwanda waziwazi kabisa. Haiwezekani kuanzia hapo tukafika kwenye hewa ukaa ya ndege?

#3 Spektra wa Chumbageni

Dada Pangani, Sentinel-5P ilirushwa Oktoba 2017 na kifaa chake TROPOMI hakipimi hewa ukaa hata kidogo. Kinapima NO2, methani, monoksidi ya kaboni, ozoni na nyinginezo, kwa vipande vya km 3.5 kwa km 5.5. Viwanja vikubwa vyenye mamia ya safari kwa siku vinaweza kuonekana kwenye NO2 ukichukua wastani wa miezi mingi. Tanga safari ni chache na ndege ni ndogo. Katika kipande kilekile cha setilaiti umeweka malori ya barabara ya Horohoro, viwanda vya saruji upande wa Pongwe, na moto wa mashamba. Hakuna njia ya haki ya kuipa ndege fungu lake humo.

Hata ukiipata NO2 safi, hujapata hewa ukaa. Uwiano wa oksidi za naitrojeni kwa mafuta unabadilika na nguvu ya injini: wakati wa kuruka, chumba cha kuchomea kina joto kali na zinazaliwa nyingi, ndege ikitambaa chini zinakuwa chache, huku monoksidi ya kaboni ikipanda. Hewa ukaa haina tabia hiyo, yenyewe inafuata mafuta tu. Tena NO2 si gesijoto kwa maana ya moja kwa moja. Inaunda ozoni na inapunguza methani, na mambo hayo mawili yanavutana.

#4 Fundi Kebo Ngamiani

Upande wa vifaa. Unahitaji kipokezi kidogo cha redio cha USB aina ya RTL-SDR, kompyuta ndogo kama Raspberry Pi, na programu ya dump1090 au readsb. Antena usinunue mwanzoni. Urefu wa wimbi la 1090 MHz ni mm 275, robo yake mm 69. Chukua waya mgumu wa shaba wa umeme wa nyumba, ule wa 2.5, kata kipande kimoja cha mm 69 kisimame wima katikati ya konekta, na vinne vya urefu huohuo uviunge kwenye mwili wa konekta ukivikunja kwenda chini nyuzi 45. Kosa la mm 2 utalivumilia. La mm 10 litakula ishara.

Kebo ndiyo inayowaangusha wengi. RG-58 katika masafa haya hupoteza zaidi ya nusu desibeli kwa kila mita. Ukishusha mita 10 kutoka paani hadi sebuleni, umeshatupa zaidi ya theluthi mbili ya nguvu ya ishara. Tumia kebo ya dishi la televisheni, RG-6, upotevu wake ni kama theluthi ya huo. Ni ya omu 75 na kipokezi ni cha omu 50, lakini hasara ya kutolingana huko ni ndogo sana, usiogope. Vizuri zaidi, weka kipokezi juu karibu na antena na ushushe data kwa waya wa mtandao.

Sasa Tanga yenyewe. Hewa ya chumvi inakula konekta. Shaba inageuka kijani ndani ya miezi michache na masafa yanapungua taratibu kiasi kwamba huoni siku yalipoanza kupungua. Kila kiungo kifungwe kwa tepu ya mpira inayojishika yenyewe, kisha juu yake tepu ya kawaida ya kuzuia jua. Minara ya simu inarusha karibu na masafa yetu, na kipokezi cha bei rahisi kinazibwa nayo. Dalili yake ni hii: ukipunguza ukuzaji wa ishara, idadi ya ndege inaongezeka badala ya kupungua. Hapo unahitaji kichujio cha 1090, nacho kikae kabla ya kikuza ishara, si baada yake. Umeme ukikatika ghafla kadi ya kumbukumbu inaharibika, kwa hiyo weka betri ya akiba, na kumbukumbu ziandikwe kwenye diski ya nje.

Masafa: kwa antena iliyo mita 10 juu na ndege iliyo mita 11,000, upeo wa macho ya redio ni kama km 440. Upande wa bahari utaupata wote. Magharibi hautaupata, kwa sababu Usambara imesimama kama nyuzi 1 juu ya upeo. Ndege ya kimo hicho inapotea ikifika kama km 300. Ukichora duara kamili la km 440 na kusema "ndani yake kuna safari kadhaa", magharibi utakuwa umehesabu pungufu.

#5 Kange77

Kazi nzuri. Kuhusu kimo, ADS-B inatoa vyote viwili, cha mgandamizo wa hewa na cha GPS. Bora kutumia cha GPS, maana ndicho kimo halisi.

#6 Mwambao wa Raskazone

Hapana mkuu, hapa ni kinyume. Injini na mabawa hayajui mita kutoka usawa wa bahari, yanajua msongamano wa hewa. Marubani nao hupanga ngazi zao kwa mgandamizo: futi 34,000 ni hektopaskali 250 popote duniani, na futi 38,700 ni 200. Hewa ya kwetu tropiki imevimba kwa joto, kwa hiyo kimo cha GPS huko juu kinazidi kile cha mgandamizo kwa zaidi ya futi 1,000, mara nyingi karibu 2,000. Ukimpa modeli kimo cha GPS, unamwambia ndege iko kwenye hewa nyepesi kuliko ilivyo. Kosa hilo litakufuata tena kwenye data ya hali ya hewa, kwa sababu ERA5 ya kituo cha Ulaya cha ECMWF inapangwa kwa ngazi za mgandamizo.

Nikiwa hapohapo kwenye ERA5: ADS-B inatoa kasi juu ya ardhi, modeli inataka kasi ndani ya hewa. Lazima uondoe upepo, tena kwa mishale, si kwa kutoa namba. Chukua upepo wa ERA5 wa saa ile na ngazi ile, utoe kwenye mshale wa mwendo wa ndege, kisha upime urefu wa mshale unaobaki. Anayeruka hatua hii anaona ndege ileile ikila mafuta mengi ikiwa na upepo wa nyuma na machache ikipambana na upepo wa mbele. Hilo peke yake linatosha kukuonyesha kuna kitu kimekosewa.

Kisichopatikana kwenye redio ni uzito. Ndege haitangazi imebeba kiasi gani. Endesha hesabu mara mbili, uzito mwepesi unaokubalika na mzito unaokubalika, kisha toa jibu kama masafa kati ya namba mbili. Kimo kinakusaidia kubana: ndege nzito hukaa chini na kupanda ngazi moja baada ya nyingine kadiri mafuta yanavyoisha. Iliyofika futi 39,000 mapema haikuwa imejaza sana.

Jambo dogo linaloharibu mengi: andika nyakati zote kwa UTC. Saa 3 asubuhi ya hapa ni 09:00 kwa saa za Afrika Mashariki na 06:00 UTC. Daftari la mtazamaji likiandikwa "saa 3" na mwingine akalisoma kama 03:00, upepo utakaochukua si wa wakati ule na hutagundua.

#7 Mdau wa Pongwe

Mnazungumzia ndege kubwa zinazopita tu. Zinazotua hapa Tanga ni pangaboi, Cessna Caravan na jamii yake. Hizo je?

#8 Spektra wa Chumbageni

Pangaboi zina shida zake, na zinastahili uangalifu kuliko zinavyopewa.

Kwanza, nyingine hazitangazi mahali zilipo. Zinajibu rada tu, na wewe unapata kimo bila mahali. Kuzipata unahitaji vipokezi 4 au zaidi vilivyotawanyika, saa zao zikilingana kwa usahihi wa sehemu za milioni ya sekunde, ili kukokotoa mahali kwa tofauti za kuwasili kwa ishara. Tanga mjini, Muheza, Pangani na Mkinga zingefaa kwa umbo hilo.

Pili, OpenAP imejengwa kwa jeti za abiria. Hazina ya data ya injini ya ICAO, shirika la kimataifa la usafiri wa anga, nayo inahusu jeti zenye msukumo wa zaidi ya kilonewtoni 26.7. Data za injini za pangaboi zinatunzwa na taasisi ya utafiti wa ulinzi ya Sweden, FOI, na injini ndogo za petroli zilipimwa na mamlaka ya anga ya Uswisi, FOCA. Kwa hewa ukaa peke yake huhitaji hazina hizo. Jedwali la matumizi ya mafuta kwenye kitabu cha rubani cha ndege linatosha.

Mfano: Tanga hadi Zanzibar ni kama km 126 kwa mstari ulionyooka. Caravan ikichukua nusu saa na dakika kidogo, ikichoma kama kilo 170 kwa saa, ni kama kilo 88 za mafuta na kilo 280 za hewa ukaa. Gawanya kwa abiria waliokuwemo, si kwa viti. Ndege zinazotumia petroli ya ndege zidisha kwa 3.10 badala ya 3.16.

Tatu, msichukue mzunguko wa kawaida wa ICAO wa kutua na kuruka mkaubandika kwa Tanga. Ule una dakika 26 za kutambaa chini na injini kwenye asilimia 7 ya nguvu, dakika 0.7 za kuruka, 2.2 za kupanda na 4 za kukaribia kutua. Dakika 26 za kutambaa ni za viwanja vikubwa vyenye foleni. Hapa ndege inageuka, inasimama, inaondoka. Pima muda halisi kwa kamera yenye saa, la sivyo mnaupachika uwanja mdogo moshi ambao haukutoka.

#9 BintiPangani

Na upimaji wa mwanga pembeni mwa uwanja? Nimesoma kwamba Ulaya wanasoma moshi wa injini kwa infraredi bila kusimamisha ndege.

#10 Spektra wa Chumbageni

Ndiyo, na hapo ndipo neno kupima linapata uzito wake, maana redio inakupa makadirio. Spektromita ya infraredi ya aina ya FTIR, kifaa kinachochambua mwanga kwa urefu wa mawimbi yake, inaelekezwa nyuma ya injini kutoka makumi ya mita. Gesi ya moto inang'aa yenyewe, huhitaji taa. Hewa ukaa inang'aa karibu na maikromita 4.3, lakini hewa baridi iliyo katikati yako na injini ina hewa ukaa pia, nayo inameza kitovu cha mng'ao huo. Kinachopenya ni kingo tu, zile ambazo gesi ya moto inazo na ya baridi haina, mojawapo karibu na maikromita 4.17. Monoksidi ya kaboni inasomwa karibu na 4.7, oksidi ya naitrojeni karibu na 5.3. Hiyo ya mwisho iko ndani ya eneo la mvuke wa maji, na unyevu wa pwani yetu unaifunika vibaya. Sogea karibu kadiri usalama wa uwanja unavyoruhusu, na soma hewa tupu dakika moja kabla na moja baada ya kila ndege.

NO2 isome kwa njia ya DOAS, inayoangalia mwanga uliomezwa na gesi njiani, kwenye mwanga wa buluu kati ya nanomita 430 na 450, ukitupa mwale kwenye kioo cha kurudisha mwanga kilicho mita 100 hadi 200 mbele.

Usijaribu kupata kilo za hewa ukaa moja kwa moja kutoka kwenye wingu la moshi. Upepo unalipeleka na hujui limechanganyika kiasi gani. Kinachodumu ni uwiano, kwa sababu gesi zote zinachanganyika kwa pamoja. Kupata gramu za gesi fulani kwa kilo ya mafuta, chukua 3,160, zidisha kwa uwiano wa ongezeko la gesi hiyo na ongezeko la hewa ukaa, zidisha kwa uzito wa molekuli yake ukigawanya kwa 44. Tuseme hewa ukaa imepanda kwa ppm 20 na oksidi za naitrojeni kwa ppm 0.08. Uwiano ni 0.004. Kwa uzito wa molekuli 46 unapata kama gramu 13 kwa kilo, namba ya kawaida kwa injini ya jeti. Ukipata gramu 60, usitangaze ugunduzi. Angalia kama lori la mafuta lilikuwa limewashwa upande upepo unakotoka.

Kwa Caravan, bomba la moshi liko ubavuni karibu na pua, na pangaboi linausambaratisha moshi mara moja. Kusoma mng'ao wake ni kazi ngumu. Tumia mwale wenye taa yake unaokatiza upande upepo unakoelekea: wakati wa kusi weka kaskazini mwa njia ya kurukia, kaskazi ikianza hamishia kusini magharibi.

#11 Kange77

Nimekubali kuhusu kimo, nimeelewa. Ila mbona hakuna aliyegusa ile michirizi myeupe ambayo ndege huiacha angani? Wengine wanadai ina madhara kuliko hewa ukaa yenyewe.

#12 Mwambao wa Raskazone

Wana msingi. Makadirio ya dunia kwa mwaka 2018, yaliyochapishwa 2021, yanayapa mawingu ya michirizi miliwati 57 za joto kwa mita ya mraba, na hewa ukaa yote ya ndege tangu mwanzo 34. Lakini ukingo wa makosa wa ile ya kwanza ni mpana sana. Tena mchirizi unakufa ndani ya saa kadhaa, na hewa ukaa ya leo itakuwepo karne nyingi. Msiziweke kwenye mizani moja bila kutaja muda.

Uzuri ni kwamba mchirizi ndio kitu pekee cha ndege ambacho setilaiti inakiona vizuri. Meteosat-9 imekaa juu ya longitudo 45.5 mashariki, karibu juu ya vichwa vyetu, na inatuma picha kila dakika 15. Chukua chaneli za maikromita 10.8 na 12.0, toa joto la moja kwenye jingine: barafu nyembamba inajitokeza kama uzi. Kipande chake ni km 3, kwa hiyo mchirizi mchanga hauonekani mpaka utanuke. Baada ya nusu saa, upepo wa mita 15 kwa sekunde umeshausogeza km 27. Kuulinganisha na ndege, sogeza njia ya ndege kwa upepo wa ERA5, kisha ndipo uziweke juu ya picha.

Kabla ya kutafuta, jua kama mchirizi unaweza kuzaliwa. Kwa jeti ya kisasa katika futi 35,000, hata hewa ikiwa imejaa unyevu, joto lazima lishuke chini ya kama nyuzi -42. Anga letu katika kimo hicho linaelea nyuzi -44 hivi, yaani ukingoni, na hewa ikiwa kavu hutaona kitu. Katika futi 39,000 kikomo ni kama -44 na hewa ni kama -54, hapo mchirizi unazaliwa kwa urahisi. Ukadumu au usidumu, hilo linaamuliwa na unyevu kuzidi asilimia 100 juu ya barafu, na ERA5 ina tabia ya kuupunguza unyevu huo. Ndege mbili zilizofuatana, moja imeacha mstari na nyingine haikuacha, mara nyingi zimepishana futi 4,000 tu.

#13 Fundi Kebo Ngamiani

Kamera ya kuangalia juu inagharimu kidogo na inafunga pengo la ile nusu saa ya kwanza. Lenzi pana, picha 1 kila sekunde 10, kioo kifutwe chumvi kila wiki. Kaskazini halisi ya picha ipate kwa nyota usiku, si kwa dira iliyowekwa juu ya bati.

#14 Mdau wa Pongwe

Miezi gani ianze? Masika tuko karibu nayo.

#15 Mwambao wa Raskazone

Kamera na Meteosat anza Juni hadi Septemba. Masika na vuli mawingu ya ngurumo yanamwaga barafu nyembamba pembeni, na kwenye chaneli zile mbili yanafanana na michirizi iliyotanuka. Redio haijali mvua, iwashe leo. Na ukipata mwenye ndege aliye tayari kukuonyesha stakabadhi za mafuta, linganisha hesabu yako nazo kabla ya jambo lolote: lita zidisha kwa 0.8 upate kilo, kisha kwa 3.16. Lita 1 ni kama kilo 2.5 za hewa ukaa. Stakabadhi moja haisemi kitu, kwa sababu tangi halikuwa tupu kabla ya kujazwa. Chukua za mwezi mzima wa ndege ileile.